Cheni imenikatikia Hamsini na Saba nikiwa na mbolea: nibaki na meno 15 mbele au nishuke 14?

Mpanda_Matamba

Wakuu, habari za jioni. Walionizidi umri, shikamooni.

Mimi ni bodaboda wa mizigo, kwetu ni Matamba, wilaya ya Makete. Kazi yangu ni hiyo hiyo tangu 2019: viazi vinashuka Chimala, mbolea na mchele wa Usangu vinapanda. Anayeijua njia yetu simwelezi. Kwa asiyeijua, inaitwa Hamsini na Saba kwa sababu ya kona zake 57, zimepangana ubavuni mwa mlima moja juu ya nyingine, na ukiwa kona ya chini unasikia lori linahema juu ya kichwa chako. Pikipiki yenye mzigo inapanda kwa gia ya kwanza na ya pili. Ya tatu unaiingiza kidogo sehemu za kupumzikia, kisha unairudisha.

Jumanne iliyopita nilikuwa napanda na mifuko miwili ya mbolea, kilo 50 kila mmoja. Kona ya arobaini na kitu, ile yenye mawe yaliyochomoza upande wa ndani, niliingiza gia ya kwanza, nikaachia klachi, nikasikia "ta!" kama mtu kavunja kuni. Injini ikapiga kelele, pikipiki ikasimama, halafu ikaanza kurudi nyuma. Nilibana breki ya mbele, haikutosha, maana mzigo wote uko nyuma na tairi la mbele lilikuwa jepesi, linaburuzika tu kwenye changarawe. Nikakanyaga ya nyuma kwa nguvu zote, nikailaza pikipiki upande wa mlima. Mfuko mmoja ulipasuka. Upande wa pili wa barabara hakuna kitu, ni hewa, na mashamba ya mpunga kule chini kabisa. Nilikaa pale kama nusu saa mpaka miguu ilipoacha kutetemeka, ndipo nikaanza kuzoa mbolea.

Cheni ilijikunja nyuma ya sproketi ndogo, lile gurudumu la meno la mbele, ikapasua kava. Bodi ya injini haikuguswa, oili haivuji, namshukuru Mungu kwa hilo.

Sasa historia yake. Pikipiki ni ya Kichina, cc 150, gia tano. Nimehesabu meno mwenyewe: mbele 15, nyuma 41. Cheni ni 428, pingili 118. Cheni iliyokatika niliifunga mwaka jana baada ya kuvuna, ila sproketi hazikubadilishwa. Muuzaji aliniambia "meno bado mazima, funga cheni tu", na mimi nilikuwa na ada ya mtoto ya kulipa, nikakubali. Mwezi wa pili mwaka huu ikalegea, tairi likavutwa nyuma mpaka mwisho wa njia yake, bado inalegea. Fundi mmoja akakata pingili mbili, akaunganisha, akasema imekuwa mpya. Imekaa hivyo mvua zote.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, ilikatika kwa sababu gani hasa? Nataka kuelewa, maana nina watoto watatu na ile kona nitaipita tena.

La pili ni la sproketi. Kwa vile sasa nanunua vyote, nimeona bora nichague meno yanayofaa mlima. Hapa kila mtu ana lake. Mmoja ananiambia niweke 13 mbele, "itapanda kama mbuzi". Mwingine anasema mbele usiguse, weka 45 nyuma. Wa tatu anasema meno yasiguswe kabisa, mtengenezaji alijua anachofanya. Lakini mtengenezaji hajawahi kupandisha mbolea Matamba. Na pia mimi sipandi tu: mara moja au mbili kwa wiki natoka Chimala kwa lami mpaka Igurusi, na kwenye lami ile kuna malori ya Zambia. Sitaki pikipiki inayolia kama mashine ya kusaga huku lori linanipigia honi mgongoni.

Naomba mwenye uzoefu anisaidie kabla sijaenda Mbeya kununua.

Fundi_Uyole

Mdogo wangu, pole sana. Umefanya vizuri kulaza upande wa mlima, wengi hushika breki ya mbele tu mpaka mwisho.

Kabla ya habari za meno, nataka vipimo. Chukua ile cheni iliyokatika, ioshe na mafuta ya taa, ilaze kwenye ubao, ivute inyooke. Hesabu pini 21, ambazo katikati yake zina nafasi 20. Pima kwa tepu kutoka katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya 21. Cheni ya 428 ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, kwa hiyo mpya inatoa 254. Ikifika 259 imeisha, hata kama kwa macho inapendeza.

Halafu tazama sproketi ndogo ukiwa umeinama kwenye mwanga. Jino zima lina mabega mawili yanayolingana. Jino lililoliwa limeinama upande mmoja, kama kucha ya kuku.

Leta majibu.

Mpanda_Matamba

Kaka fundi, nimepima mara tatu, mara ya mwisho mke wangu ndiye aliyeshika tepu upande wa pili. 263.

Sproketi ndogo ni kucha za kuku kweli kweli, zote 15. Ile kubwa ina meno mawili yaliyokatika ncha. Na nimeona kitu kingine: pale ilipokatika si kwenye klipu ya kiungo. Bati la pembeni ndilo limepasuka kwenye tundu la pini, na nusu ya ule mpasuko ina kutu, nusu inang'aa.

Fundi_Uyole

Hapo umejijibu swali la kwanza. Ile nusu yenye kutu ilipasuka zamani, pengine tangu mvua za mwezi wa tatu. Nusu inayong'aa ndiyo iliyokuwa imebaki kukubeba wewe na kilo 100, ikaachia Jumanne.

Nikueleze inavyokuwa, maana vijana wengi wanadhani cheni inavutika kama mpira. Haivutiki. Ndani ya kila pingili kuna pini inayozunguka kwenye bushi. Vumbi la njiani kwako kule na tope vikiingia pale vinasaga pini na bushi, kidogo kidogo, na kila pingili inapata mwanya wa nywele. Pingili 118 mara nywele moja ni milimita nyingi. Wewe ulikuwa na asilimia tatu na nusu ya ziada. Sproketi bado ina nafasi zake zile zile za 12.7, cheni sasa ina zaidi ya 13. Matokeo yake rola, vile vibomba vinavyozunguka nje ya bushi, hazikai kwenye bonde la jino, zinapanda juu ya mgongo wa jino, na mzigo ambao ungebebwa na meno saba au nane unabebwa na moja au mawili. Hilo jino linaliwa linakuwa kucha, na ukifunga cheni mpya kwenye kucha, kucha inaanza kuila cheni mpya siku ile ile. Ndicho kilichokupata mwaka jana.

Na kukata pingili? Kunafupisha cheni, hakurudishi hata nywele moja ya pini iliyosagika. Urefu wa jumla unakuwa sawa, nafasi ya pini hadi pini ni mbovu vile vile. Mimi mtu akija gereji akaniomba nimkatie pingili kwenye cheni ya mzigo namrudisha, hata akinitukana. Cheni, sproketi ndogo na kubwa hununuliwa pamoja.

Sasa meno.

Gawanya ya nyuma kwa ya mbele. 41 kwa 15 ni 2.73, yaani sproketi ndogo inazunguka mara 2.73 tairi lizunguke mara moja. Namba ikipanda unapata nguvu na kupoteza mwendo, kwa kiasi kile kile, hakuna cha bure. Ukishuka 14 mbele na kuacha 41, unapata 2.93. Hiyo ni nguvu zaidi ya asilimia 7. Injini ikilia vile ilivyokuwa inalia kwenye 60, sasa utakuwa 56. Ukiweka 45 nyuma na 15 mbele inakuwa 3 kamili, karibu asilimia 10, na 60 yako inakuwa 55 hivi. Ukichanganya 14 na 45 unafika 3.21, na 60 inakuwa 51. Hiyo ni ya mtu asiyeshuka kabisa lami.

Ya 13 sikushauri, na sababu si mwendo. Kadiri sproketi ndogo inavyokuwa ndogo, ndivyo kila pingili inavyokunjwa kwa pembe kali zaidi inapozunguka pale mbele, na kukunjwa chini ya mzigo ndiko kunakosaga pini. Isitoshe, injini ile ile ikivuta kwenye duara dogo, mvuto kwenye cheni unaongezeka. Na cheni inashuka chini karibu na mkono wa nyuma unaoshika tairi, inaanza kukwangua ile raba ya kinga. Utapanda kama mbuzi miezi minne, kisha utarudi kuniuliza swali hili hili.

Kumbuka pia: jino moja mbele ni sawa na karibu matatu nyuma. Ndiyo maana ya mbele ni rahisi kwa pesa, unabadilisha kipande kidogo kimoja, na ukikosea unarudisha.

Kwa njia yako ningeanza na 14 kwa 41. Pingili zinabaki 118, tairi litarudi nyuma kama milimita 3 tu.

Faida nyingine ambayo watu hawaitaji ni kushuka. Ukishuka na viazi kwa gia ya pili, injini itakushika zaidi kwa asilimia 7 hiyo hiyo, na breki ya nyuma haitachemka mapema. Kwenye kona 57 hicho si kitu kidogo.

Mama_Pareto

Habari zenu. Mimi niko Isyonje, nina pikipiki mbili, vijana wananiendeshea kubeba pareto na viazi kutoka Kitulo. Naomba niseme tofauti na fundi, kwa heshima.

Pikipiki yangu ya kwanza nilifunga 14 mbele, ya pili nikaacha 15 na kuweka 45 nyuma. Zilinunuliwa mwezi mmoja, cheni za aina moja, na njia ni moja. Naandika kila kitu kwenye daftari kwa sababu vijana wangu wawili wana tabia tofauti na sitaki kumlaumu mtu bure. Ile ya 45 cheni yake imedumu zaidi, na si kwa siku chache. Nadhani ni hilo hilo la cheni kukunjwa kwa duara kubwa badala ya dogo. Gharama ya kwanza ni kubwa, kweli, na ilibidi cheni iwe ya pingili 120, lakini mimi nahesabu kwa mwaka.

Kitu cha pili. Dogo, pikipiki yako ilikuja na kava refu la cheni? Zangu zilikuja na boksi la bati linalofunika cheni yote, mafundi wakalitoa siku ya kwanza kwa sababu linawachelewesha kazi. Nimelirudisha kwenye zote mbili. Vijana wanasema linagonga gonga. Nimewaambia wakaze boliti.

Fundi_Uyole

Dada yangu, daftari lako linanishinda, sibishi. Hesabu yako ni sahihi, sproketi kubwa pande zote mbili ni rafiki wa cheni. Mimi nimemshauri 14 kwa sababu hajajua bado anataka nguvu kiasi gani, na kujaribu kwa jino la mbele ni rahisi. Akiridhika na 2.93 au akiona haitoshi, seti ijayo aweke 45.

Jambo dogo tu kwenye hiyo ya 15 na pingili 120, kwa anayependa kujua. 120 inagawanyika kwa 15 bila baki, inakuwa 8. Maana yake kila jino la mbele linakutana na pingili nane zile zile maisha yake yote. Pingili moja ikiwa ngumu kwa kutu, inapiga jino lile lile kila mara. Kwa 118 hakuna mgawanyo huo, kila jino linakutana na pingili zote, ubaya unagawanywa. Hiyo si sababu ya kuikataa 45. Ni sababu ya kukagua cheni pingili kwa pingili unapoiosha, ukiikunja kwa vidole, na ile inayokataa kukunjika ndiyo ya kushughulikia.

Kuhusu boksi la cheni nakuunga mkono mikono miwili. Sisi mafundi tumekosea hapo.

Mtoro_wa_Baridi

Habari wakuu, hilo la boksi limenigusa. Nilifanya kazi msimu mmoja kaskazini mwa Ufini kwenye karakana ya pikipiki za theluji, zile zenye mkanda mpana badala ya tairi la nyuma na mbao mbili mbele za kuteleza. Nazo zina cheni. Nguvu inatoka kwenye injini kwa mkanda wa raba, inafika kwenye ekseli ya juu, halafu cheni inaishusha kwenye ekseli inayozungusha mkanda wa chini. Lakini cheni yenyewe ni pana, imetengenezwa kwa mabati mengi yaliyopangwa ubavu kwa ubavu, na inafanya kazi ndani ya boksi lililozibwa lenye oili. Hakuna theluji wala mchanga unaoingia. Mwanzo wa msimu tunafungua, tunamwaga oili, tunaangalia kama kuna unga wa chuma, tunakaza boliti ya kuondoa ulegevu, tunafunga.

Na mjadala wao ni huu huu wenu. Wa milimani kwenye theluji nzito wanaweka sproketi ya juu yenye meno machache. Wanaokimbia kwenye maziwa yaliyoganda wanaongeza. Nimewahi kuwasikia wazee wawili wakibishana jino moja kutwa nzima, kila mtu na kahawa yake. Leo nasoma hapa nakumbuka.

Sisi hatuna boksi la oili, ila la bati tunalo, na tunalitupa.

Babu_Kihesa

Kamwene! Nipo Iringa, nimeendesha pikipiki tangu zile za kupiga kiki zikiwa za mwalimu na bwana shamba tu.

Wajukuu, mnasahau hewa. Injini isiyo na tabo ya kusukuma hewa inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mbeya mjini mko kwenye 1,700 hivi. Kitulo ni 2,600, kule robo ya nguvu imeshabaki pwani. Kwa hiyo asilimia 7 za fundi hazikufanyi uwe na nguvu mpya, zinakurudishia sehemu ya ulichonyang'anywa na mlima.

Mjukuu wangu wa Matamba, fungua plagi uitazame. Ikiwa nyeusi kama masizi ya chungu, kabureta inakunywesha petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Weka jeti kuu, kile kitundu cha kupitisha petroli, ndogo kwa hatua moja, usafishe na chujio la hewa. Fanya hilo kwanza, au fanya pamoja na sproketi, ila usifanye sproketi peke yake halafu ukaridhika. Usisahau ukishuka kukaa bondeni siku nyingi, jeti ndogo kule chini inaweza kuifanya injini ichemke, uirudishe.

Mpanda_Matamba

Shikamoo babu. Plagi ni masizi matupu. Sikuwahi kufikiri kabureta inahusika.

Kaka fundi, nikinunua nitafunga mwenyewe hapa nyumbani, gereji ya karibu ndiyo ile iliyonikatia pingili. Kuna kitu cha kuangalia zaidi?

Fundi_Uyole

Kipo, na hapa ndipo watu wanaharibu seti mpya.

Sproketi ndogo ya injini hiyo imeshikwa na kibati kinachobanwa na boliti mbili za spana namba 10. Legeza hizo boliti kabla hujatoa cheni ya zamani, gia ikiwa ndani na breki imekanyagwa, la sivyo inazunguka tu na wewe. Wewe cheni yako ilishakatika, kwa hiyo ingiza gia ya kwanza, itakushika vya kutosha. Safisha mle ndani, utakuta tope na oili vimeganda kama ugali wa jana. Tazama sili ya pale kwenye shafti kama inavuja.

Nyuma, ukitoa tairi, ishike sproketi kubwa uitikise. Ikicheza sana, raba za ndani ya habu zimekufa. Raba hizo ndizo zinapokea mshtuko wa klachi ukiachia ghafla na mzigo. Zikifa, mshtuko wote unakwenda kwenye cheni. Ni za bei ndogo, zinunue pamoja. Boliti nne za sproketi zikaze kwa msalaba, kisha kunja masikio ya vibati vya kufungia.

Klipu ya kiungo: upande uliozibwa utangulie mwendo, upande wa wazi ufuate nyuma. Cheni ya juu inakwenda mbele, kwa hiyo ukiitazama juu, uso wa klipu unaelekea mbele. Ukiigeuza, jiwe moja likigonga, klipu inaruka.

Ulegevu: simamisha kwenye stendi ya kati, zungusha tairi pole pole ukijaribu cheni ya chini katikati, utafute pale inapokaza kuliko kwingine. Hapo ndipo upime, iwe inapanda na kushuka jumla milimita 25 mpaka 30. Halafu muweke mtu juu yake na mzigo wako wa kawaida, upime tena. Ukikuta imekuwa waya wa gitaa, legeza. Nyinyi wa mizigo mnakaza mno mkiwa mtupu, mkipakia mkono wa nyuma unapanda, cheni inakaza, beringi ya shafti inalia. Alama za pande zote mbili kule nyuma zilingane kabla ya kukaza nati ya ekseli.

Kilomita 300 za kwanza cheni mpya italegea kidogo. Ni kawaida, ikaze mara moja.

Oili: weka ile nzito ya giaboksi, jioni ukirudi, cheni ikiwa bado ya moto, upande wa ndani wa cheni ya chini, huku unazungusha tairi kwa mkono. Subiri, futa ya nje kwa kitambaa. Inayofanya kazi ni iliyoingia kwenye pini, ya nje inakusanya vumbi tu. Oili chafu ya injini acha, ina unga wa chuma ndani yake. Na grisi ya kupaka nje kama siagi ni kujidanganya.

Mama_Pareto

Na uioshe cheni kwa mafuta ya taa kila baada ya wiki ya tope, si petroli. Nimepoteza cheni moja ya oringi kwa petroli, raba zake zilivimba.

Mpanda_Matamba

Wakuu, narudi baada ya siku 16.

Nilikwenda Mbeya, nikazunguka Mwanjelwa maduka manne. Nimenunua 14, 41, cheni ya 428H ya pingili 118, raba za habu na jeti ndogo. Duka la tatu waliniletea "14" ambayo nilipoihesabu ilikuwa 15. Nilihesabu kaunta palepale mbele ya wateja, muuzaji akakasirika, lakini akabadilisha.

Raba za habu zilikuwa zimesagika zikawa unga mweusi. Mtoto wangu wa kwanza alizimwaga kwenye karatasi akaniuliza kama ni mkaa.

Nimefunga kama kaka fundi alivyosema, pamoja na kumkalisha mke wangu na mifuko miwili nyuma wakati wa kupima ulegevu. Mtupu ilikuwa 30, na mzigo ikabaki kama 20. Nimeacha hapo.

Jana nimepanda na mbolea kilo 100, ile ile. Kona ya mawe niliipita kwa gia ya kwanza bila kuchezea klachi. Zamani ilikuwa lazima niishike nusu nusu na klachi inanuka. Kuna vipande vitatu ambavyo sasa vinapanda kwa gia ya pili, nimevihesabu. Kwenye lami kwenda Igurusi kweli inalia mapema, na kilomita 60 sasa naiona ni kazi, nakaa 55 pembeni. Mita ya mwendo haijabadilika kwa sababu waya wake unatoka tairi la mbele, hilo nimelithibitisha kwa kwenda sambamba na jamaa yangu.

Babu, plagi sasa ina rangi ya matofali.

Dada wa Isyonje, boksi la cheni langu nililiuza kwa mtu wa vyuma chakavu mwaka 2020. Kuna kijana hapa Matamba anachomelea mageti, kesho tunapima naye bati. Kama una picha ya lako upande wa ndani, hasa pale linaposhikwa karibu na ekseli, naomba niwekee hapa.